Mstari wa Tatu

Machi 9

Dai langu ni hili, na naliandika kwa wino ili nisipate njia ya kulikana: vidole vya mpwa wangu havikushonwa na cherehani ya mama yake, wala havikugandishwa na dawa ya homa aliyoimeza akiwa mjamzito. Viliunganishwa na kosa la maandishi ndani ya jeni moja, na kosa hilo limetoka upande wa baba yake. Nitalithibitisha kabla ya masika kwisha. Atakayenipinga na aje na ushahidi, si na methali.

Mtoto ana wiki saba. Katika mkono wa kulia, kidole cha kati na cha pete vimeshikana hadi ncha, na picha ya eksirei inaonyesha mfupa wa kidole cha ziada umejibanza katikati yao. Siku aliyozaliwa, shemeji yangu alimtazama akasema, "Huyu ni Bondia. Kaja na glavu kabisa." Tulicheka wote, na jina likamkaa. Jana kicheko kiliisha. Mama mkwe wa dada yangu alimwambia mbele ya majirani kwamba ameshona, ameshona, mpaka amemshona mtoto. Dada huyu, mdogo wangu, ni fundi cherehani. Alishona hadi wiki ya mwisho ya mimba kwa sababu nguo za watu hazingojei. Ameletwa nyumbani kwa baba na mtoto wake na begi moja, akapumzike, wamesema, hadi wazee wa pande mbili watakapoketi Jumapili ya mwisho ya Mei. Naijua maana ya kupumzika kwa namna hiyo. Mwanamke anapumzishwa mpaka anasahauliwa.

Cherehani yake ililetwa pia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu atakayerudi haondoki na cherehani yake.

Machi 10

Mvua ya kwanza. Dada ameifunika cherehani kwa shuka, kama maiti.

Machi 14

Nimemweleza. Nilidhani ukweli, ukielezwa vizuri, unatosha.

Nilimwambia kwamba katika wiki ya sita mkono wa kiinitete hauna vidole. Ni kasia dogo la nyama. Vidole havichomozi kama machipukizi, vinachongwa. Mifupa hujipanga ndani ya kasia, kisha seli zilizo katikati yake hupewa amri ya kufa, zikafa, nafasi ikabaki. Miongoni mwa wakubwa wanaotoa amri hizo ni jeni iitwayo HOXD13. Ni ya ukoo wa jeni zenye homeoboksi, yaani kipande cha maandishi ambacho nzi anacho, kuku anacho na sisi tunacho, karibu neno kwa neno, na ambacho hutengeneza sehemu ya protini inayoweza kuikamata DNA. Protini hiyo haijengi mfupa wala ngozi. Ni mnyapara tu: huzishika jeni nyingine na kuziamuru, hii isomwe, ile inyamaze. Tena jeni za ukoo huo zimepangwa safu kwa utaratibu ule ule wa mwili. Za mwanzo huamuru kuelekea kichwani, za mwisho huamuru miishoni, na HOXD13 ndiyo ya mwisho kabisa katika safu yake. Kazi yake ni ncha: vidole.

Ndani ya jeni hiyo kuna mahali ambapo agizo moja, la kuweka alanini, tofali mojawapo la protini, hurudiwa mara kumi na tano. Katika familia chache hurudiwa mara ishirini na mbili au zaidi. Hapo protini hutoka na mkia mrefu kupita kiasi, zikasongamana zenyewe kwa zenyewe, zisiweze kuingia kwenye kiini cha seli zilikotumwa. Nikatafuta mfano wa kazi ya dada: mnyapara aliyevalishwa koti refu kuliko kimo chake, akajikwaa mlangoni.

"Koti refu halimwangushi mtu, kaka," alisema bila kuniangalia. "Linapindwa."

Nikamwambia kule ndani hakuna fundi wa kupinda. Nikaongeza kwamba haya yote yalikwisha kabla hata hajamwambia mumewe kuwa ana mimba. Cherehani ingefanya nini? Alimhamisha mtoto titi akaniuliza ni nani, basi, aliyeandika kosa hilo. Nikasema hakuna aliyeliandika.

"Basi bora ningekuwa mimi. Angalau ningejua nimekosea wapi."

Baba, aliyekuwa akisoma gazeti dirishani, aliinuka akatoka nje mvuani bila mwavuli.

Machi 21

Mkuu wa maabara ameniruhusu kufanya jaribio moja dogo kwa vifaa vilivyobaki, ilimradi kila mtu mzima atie sahihi ya ridhaa, na wazazi wasaini kwa niaba ya mtoto. Mimi ni msaidizi wa utafiti kwa mkataba wa miezi sita. Nina shahada ya daraja la kwanza. Sitajifanya kwamba silijui hilo.

Anayesimamia mashine ni fundi sanifu tunayemwita Mama Barafu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila kasha la barafu mkononi. Ana miaka zaidi ya hamsini na cheti cha kidato cha nne. Kila tyubu huiandika kwa penseli mara mbili, kifunikoni na ubavuni, na kabla ya kuiweka mahali pake huisomea namba yake kwa sauti: "Namba mbili, nimekuona." Vijana humwigiza nyuma ya mgongo wake. Nami nimewahi.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Unasugua ndani ya shavu kwa pamba, unatoa DNA, unakinakili kile kipande cha jeni mara mamilioni, kisha unakimimina kwenye visima vya jeli na kuwasha umeme. Vipande vifupi hukimbia mbele, virefu huchelewa. Chini ya taa ya urujuanimno, mtu mwenye nakala mbili za kawaida huonekana kwa utepe mmoja ung'aao mstarini mwake. Mwenye nakala moja iliyorefuka huonekana kwa tepe mbili.

Ilihitajika sampuli ya kulinganishia, ya mtu asiye na tatizo. Mama Barafu alinishauri nichukue mtu wa mbali. Alisema mlinzi wa getini yupo na hana shughuli. Nikakataa. Nilisema nitajitoa mimi, kwa sababu mimi ni mzima na kwa sababu ni upande wetu unaopaswa kuonekana safi. Dada sikuona haja ya kumpima. Kumpima kungekuwa kukiri kwamba nina shaka.

"Haya, msomi," alisema Mama Barafu, akaandika kwa penseli. "Namba tatu, nimekuona."

Machi 28

Shemeji amekuja maabara wakati wa chakula cha mchana, begi la vifaa begani. Ni fundi wa majokofu. Alilisikiliza jokofu letu kwanza, akasema linakohoa, ndipo akasaini fomu. Aliniuliza, likionekana ni lake, atamwambiaje mama yake. Nikamjibu kwamba atamwambia ukweli.

"Wewe huna mama," alisema, kisha akashtuka, kwani mama yangu alikufa nikiwa na miaka tisa. Aliniomba radhi na kufungua kinywa kama mtoto mbele ya daktari. Nilipomaliza aliniuliza kama Bondia analala vizuri. Anampigia dada simu kila jioni, kumbe, akiwa nje ya nyumba.

Nampenda mtu huyu. Sitaacha upendo uingie kwenye hesabu.

Aprili 4

Umeme umekatika mashine ikiwa katikati ya kazi. Tunaanza upya. Mvua haijakoma kwa siku sita.

Aprili 9

Naandika nikiwa nimekasirika, na nataka hasira hii ibaki kwenye karatasi kama ilivyo.

Mstari wa kwanza: vipimo vya urefu, sawa. Wa pili: maji matupu, hakuna kitu, kama inavyotakiwa. Wa tatu, ambao ni mimi: tepe mbili. Wa nne, mtoto: tepe mbili. Wa tano, shemeji: utepe mmoja.

Nilisimama mbele ya ile taa nikacheka. Kosa lilikuwa wazi mno hata likawa la kuchekesha. Tyubu namba tatu na namba tano zimebadilishana. Mantiki hairuhusu maelezo mengine: mtoto ana jeni iliyorefuka, mimi nina vidole kumi vilivyo huru, kwa hiyo tepe mbili za mstari wa tatu ni za shemeji, na utepe mmoja wa mstari wa tano ni wangu. Mkono uliozipanga si wangu.

Mama Barafu aliitazama picha muda mrefu. Alisema hakubadilisha. Nikamwonyesha hoja hatua kwa hatua, nadhani kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, maana wanafunzi walisimama mlangoni. Alisikiliza hadi mwisho, akasema namba tatu aliiona, na namba tano aliiona. Nikamwambia kwamba kuona si kusoma. Mwanafunzi mmoja alicheka.

Akachukua kasha lake la barafu akatoka.

Aprili 10

Nimebandika taarifa kwenye ubao wa matangazo: *Jaribio la tarehe 9 Aprili limeharibiwa na kubadilishwa kwa tyubu namba 3 na namba 5, kosa lililofanywa na fundi sanifu. Matokeo sahihi ni kinyume cha yanayoonekana.* Nimetia sahihi, na chini yake shahada yangu. Sayansi isiyosema hadharani ni umbeya.

Aprili 12

Mkuu amemtoa Mama Barafu kwenye mashine, kwa muda, akamweka kuosha vyombo vya kioo. Hakuninung'unikia. Nilipopita aliniambia tu nisimwage tindikali kwenye sinki la kushoto, bomba lake linavuja.

Aprili 14

Jumapili. Nilimsomea baba matokeo, yaani matokeo sahihi. Baba alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka arobaini. Ni yeye aliyenifundisha kusoma, tena kinyumenyume kwanza, kama herufi zinavyokaa kwenye fremu kabla ya kupigwa chapa. Huona neno lililorudiwa hata akiwa anapita mbali. Nilipomwambia kuwa kosa lenyewe ni la uchapaji, agizo moja lililopigwa mara saba zaidi, nilitegemea atafurahia mfano huo.

Hakutabasamu. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo ni wao?"

Nikasema ni wao. Akashusha pumzi ndefu, mkono wa kulia mfukoni kama kawaida yake, akaniagiza niandike vizuri, karatasi isomwe siku ya kikao.

Nimempigia shemeji pia. Alisema sawa. Nyuma yake nilimsikia mama yake, ambaye bila shaka alikuwa amekaribia simu, akisema kwao watu wana vidole vyao vyote tangu babu wa babu, na kama kuna mwenye shaka na aje avihesabu.

Aprili 19

Mvua. Nepi hazikauki. Nyumba nzima inanuka sabuni na unyevu.

Aprili 27

Shemeji hajapiga simu siku nane. Dada hali vizuri na maziwa yanapungua. Nilimwambia kwamba sasa ana haki ya kuinua kichwa, karatasi imemsafisha.

"Karatasi yako haijaniondolea kitu," alisema. "Imeniongezea. Mwanzo walinichukia mimi tu. Sasa mume wangu hawezi hata kula kwao bila kutazamwa mikono."

Nikamkumbusha kwamba ukweli hauangalii nani atakula wapi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Akaniuliza kwa nini, basi, sijawahi kumpima yeye.

Nilikasirika. Baadaye nimejiuliza kwa nini nilikasirika.

Aprili 30

Mkuu ananitaka nirudie jaribio kabla ya taarifa yangu kuingizwa kwenye kumbukumbu za maabara. Ni haki yake. Nitarudia peke yangu, tuone.

Mei 3

Nimejisugua shavu upya. Nimeandika tyubu zangu mwenyewe, kwa penseli, mara mbili. Safari hii nilijiweka mstari wa tano, na shemeji nikamweka wa tatu, ili kama kuna kisima chenye ila kijulikane.

Tepe mbili zilinifuata. Ziliacha mstari wa tatu zikaja wa tano. Maji hayana kitu. Shemeji, utepe mmoja, safi kama uzi uliovutwa.

Nikarudia tena, nikisoma kila namba kwa sauti kabla ya kuiweka mahali pake. Namba tano, nimekuona. Hakukuwa na mtu wa kunicheka. Matokeo yale yale.

Mei 4

Nilimkuta Mama Barafu kwenye sinki la kulia, mikono imevimba kwa sabuni. Nilikuwa nimeandaa maelezo. Niliyasema yote: kwamba inawezekana dawa zimechafuka, kwamba inawezekana mashine, kwamba inawezekana nasaba yetu na ya shemeji zimekutana huko nyuma. Alikuwa akisuuza chupa na kuzipindua kwenye kitambaa, moja moja.

Nilipoishiwa, alisema, "Kidole chako cha mwisho hakinyooki, mwanangu. Tangu siku ya kwanza. Glavu zako huchanika pale pale kila mara, nikadhani unalijua hilo."

Nikamwambia ni mazoea ya kushika kalamu. Akaniuliza kama nashika kalamu kwa mikono yote miwili. Nikaitazama mikono yangu. Vidole vyote viwili vya mwisho vimepinda kuelekea ndani, kama watu wawili wanaosikilizia mlangoni.

"Vua kiatu," alisema.

Nilivua, pale pale, juu ya sakafu yenye maji. Kidole cha nne na cha tano cha mguu wa kushoto vimeunganishwa na ngozi hadi karibu na kucha. Sikushangaa kuviona, nimeviona kila siku kwa miaka ishirini na sita. Nilidhani ni viatu. Nimehifadhi kwa moyo orodha ya dalili nyepesi za wabebaji wa jeni iliyorefuka, kidole kidogo kilichopinda, utando kati ya vidole vya mwisho vya mguu, nimeweza kuikariri mbele ya jopo la watahini, na sikuwahi kuinama kuangalia mguu wangu. Yeye hajasoma orodha hiyo. Alinitazama tu.

Hakusema neno la ushindi. Alinipa kitambaa nikaushe mguu.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" nilimuuliza.

"Siku ile ulikuwa unafundisha."

Mei 7

Nimempima dada, kwa ridhaa yake. Tepe mbili. Mikono yake haina ila yoyote. Jeni hii, ikirefuka kidogo tu, humpita mmoja ikamshika mwingine, na hakuna ajuaye kwa nini.

Nilimwonyesha picha. Nilitegemea atalia. Aligusa mstari wake kwa kidole, halafu wangu, halafu wa mtoto, kama anayelinganisha vipande vya kitambaa kimoja.

"Kwa hiyo ni mimi kweli."

"Ni sisi," nilisema. "Na kubeba si kutenda. Wewe ulipitisha barua ambayo hukuiandika wala hukuifungua."

Nadhani ni mara ya kwanza tangu Machi nilipomwambia jambo bila kutaka kushinda. Akaniuliza barua hiyo tumepewa na nani. Mama amelala kaburini na mikono yake naikumbuka: mirefu, myembamba, kamili. Tulitazamana. Kisha wote wawili tukatazama mlango wa chumba cha baba.

Mei 8

Mvua imepungua. Siwezi kuandika.

Mei 11

Kati ya kidole cha kati na cha pete cha mkono wa kulia wa baba kuna kovu. Linaanzia kwenye kiganja na kupanda pande zote mbili, na vidole vyenyewe havikunjiki vizuri. Tumekua tukijua kwamba ni mashine ya kukata karatasi, kiwandani, kabla hatujazaliwa. Kisa hicho alitusimulia mara nyingi: jinsi kisu kilivyoshuka, jinsi msimamizi alivyozirai badala yake. Tulikiomba kama watoto wengine wanavyoomba hadithi ya sungura.

Leo asubuhi, dada akiwa amempeleka mtoto kliniki, nilimkuta mezani akinywa chai. Niliweka picha mbele yake. Sikueleza. Mpanga herufi anajua kusoma safu.

Alisoma. Alisoma tena kutoka kulia. Kisha akautoa mkono mfukoni akauweka juu ya picha, kana kwamba anaufunika.

Alisema alizaliwa hivyo hivyo, kama Bondia, na kwamba alipasuliwa akiwa na miaka minne, na wazazi wake wakahama mji ili asiitwe jina aliloitwa. Hakunitajia jina hilo. Alipoingia kiwandani akiwa na miaka kumi na saba mtu alimuuliza kovu ni la nini, na mashine ilikuwa imesimama pale pale mbele yao.

"Mashine ilikuwa rahisi kueleza," alisema.

Nilimuuliza kama mama alijua. Hakujua. Alimwoa akiwa na kisa tayari. Akaniambia jambo ambalo nitalibeba hadi mwisho wangu: kwamba tulipozaliwa, mimi na dada, alihesabu vidole vyetu kabla ya kutazama nyuso zetu. Alipovikuta vimeachana alidhani jambo hilo limekwisha, limefia kwake. Miguu hakuiangalia.

"Na Machi?" nilimuuliza. "Ulipomsikia mwanao anaambiwa amemshona mtoto wake?"

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo. Nilimkumbuka alivyotoka mvuani bila mwavuli, na nikakumbuka pumzi aliyoishusha nilipomwambia ni wao. Nimemheshimu mtu huyu kwa sababu hakuwahi kuacha kosa lipite kwenye ukurasa. Hili aliliona, akaacha lichapwe.

Mwishowe aliniomba. Baba yangu hajawahi kuniomba kitu. Aliniomba niseme kwenye kikao kwamba majibu hayajakamilika, kwamba maabara inaendelea. Si uongo, alisema, kwani maabara huendelea siku zote.

"Nimeishi na ile mashine miaka hamsini. Usininyang'anye mbele ya wakwe."

Mei 12

Nimemwambia dada. Alikuwa akimpaka mtoto mafuta, akamaliza kila kidole kwanza.

"Alinitazama nikilia miezi miwili," alisema. Tangu hapo anamwandalia baba chai na kuiweka mezani bila kumwita.

Mei 16

Jua, siku nzima.

Mei 18

Nimekwenda kwa shemeji, kwake kazini, nikamwambia matokeo yote. Alikuwa amelala chali chini ya jokofu la duka la nyama na hakutoka, kwa hiyo nilikiri kwa miguu yake. Nilimwambia kwamba nilimtuhumu mbele ya mama yake kwa kosa lililo langu. Miguu ilitulia.

"Mama amenihesabu vidole mara tatu mezani," alisema kutoka chini kule. "Mara tatu, shemeji. Mtu mzima mimi."

Akajisogeza nje, mafuta usoni, akaniuliza kama daktari anaweza kuvitenganisha vidole vile na mkono ukafanya kazi. Nilimwambia namjua mtu mmoja aliyetenganishwa akiwa na miaka minne, kwa vifaa vya zamani, akapanga herufi kwa mkono huo kwa miaka arobaini. Akasema angependa kumwona mtu huyo. Akasema mama yake pia angefaa kumwona.

Sikumtajia ni nani. Kisa hicho si changu kukitoa.

Mei 23

Dada ameondoa shuka kwenye cherehani. Hajashona. Ameipaka mafuta tu, na kuizungusha gurudumu mara moja kusikia kama bado inaimba.

Mei 25

Leo asubuhi nimeng'oa taarifa ya Aprili ubaoni na kubandika nyingine mahali pale pale, kwa maandishi makubwa zaidi: *Jaribio la tarehe 9 Aprili lilikuwa sahihi. Hakuna tyubu iliyobadilishwa. Kosa lilikuwa la aliyetia sahihi hapa, ambaye alijichagua kuwa kipimo cha uzima bila kujichunguza, kisha akamtuhumu aliyeona. Namwomba fundi sanifu radhi mbele ya wote, na namwomba Mkuu amrudishe kwenye mashine.* Shahada yangu sikuiandika. Mama Barafu aliisoma akiwa na kasha lake mkononi, akaniuliza kama nimenunua glavu za namba kubwa.

Nusu ya dai langu la Machi inasimama, na nitaitetea mbele ya yeyote: si cherehani, si dawa, si dada yangu. Nusu ya pili ilikuwa kiburi, nami naiondoa.

Na sasa, baba, ukurasa huu ni wako. Nimeunakili kwa mkono na kuuweka mezani kwako, chini ya miwani. Sitasema kwamba majibu hayajakamilika, yamekamilika. Wala sitasema siri yako. Kesho saa nne wakwe watakapoketi sebuleni, nitavua viatu na kuwaonyesha mguu wangu, na nitamwomba mama mkwe radhi kwa kuwahesabisha watu vidole mezani. Nitawaambia kosa limetoka kwetu. Wataniuliza limetoka kwa nani. Hapo nitanyamaza.

Wewe ulinifundisha kwamba kosa likishachapwa halisahihishwi kwa kunong'onezana. Husahihishwa kwenye karatasi ile ile, mbele ya wasomaji wale wale. Binti yako alihukumiwa mbele ya watu. Mjukuu wako atapasuliwa, na mama yake anaamini kwamba mkono uliofunguliwa kwa kisu hautafaa kitu, kwa sababu hajawahi kuambiwa na wewe mwenyewe kwamba mkono wa namna hiyo ndio uliomlea.

Sitaki jibu la chumbani, wala la barua, wala la kesho kutwa. Nataka ujibu kesho, mbele yao wote, mkono wako wa kulia ukiwa wazi juu ya meza, mahali ambapo binti yako anaweza kuuona.